Joto la Chumba cha Katikati

Mshonaji wa mapazia na wifi yake walikuwa wamenuniana tangu mzee afariki, baba mkwe wa mmoja, baba mzazi wa mwingine. Nyumba ilikuwa moja, lakini huyu alikaa mbele, yule nyuma, na salamu zao, kama zilikuwapo, zilipitia kwa paka. Mume wa mshonaji, ambaye ndiye kaka mtu, alikuwa safarini na lori lake.

Baridi ya mwaka ule ilikuja na meno. Usiku wa kwanza kila mmoja aliwasha hita yake, na paa! swichi kuu ikaruka. Giza. Mshonaji akatoka na tochi, akaipandisha. Robo saa haikupita, giza tena. Safari ya tatu wakakutana koridoni, kila mtu kajifunga blanketi lake.

"Wifi," mshonaji akasema, "tukiwasha mbili tunakosa zote."

"Kwa hiyo nizime yangu?"

"Tuhamie chumba cha katikati. Ni kidogo, kitashika joto."

Kilikuwa chumba cha mzee. Tangu azikwe, hakuna aliyelala humo. Wifi akaenda kuburuta godoro lake.

Mshonaji akatundika pazia zito juu ya lile la zamani, mpaka likagusa sakafu. Akaviringisha shuka kuukuu, akaziba upenyo wa mlango. Akajaza maji ya moto chupa mbili, akazivisha soksi. Hita ikawaka saa nzima, kisha akaizima.

"Unazima?"

"Joto limeshaingia. Sasa halina pa kutorokea."

Wakalala bega kwa bega. Hita ikapoa ikilia tik, tik, ikizidi kuchelewa, kama mtu anayesahau alichokuwa anahesabu. Giza likawa laini. Mshonaji hakujua kama amelala au yu macho. Aliona kuta zikipumua polepole, pazia likishuka na kushuka bila kufika chini, chumba kizima kikielea mbali na mtaa, kikinukia dawa ya kuchua ya mzee.

Humo humo akasikia sauti ya wifi yake.

"Nilisema ulimuuguza baba kwa tamaa ya nyumba."

"Tena mbele za watu."

"Mimi nilikuwa mbali. Wewe ndiye uliyemlisha, ukamwogesha. Iliniuma, nikakutupia lawama wewe. Nisamehe, wifi."

Machozi yalimtoka mshonaji bila uchungu, yakaingia masikioni.

"Mwishoni alikuwa akiniita kwa jina lako," akasema. "Nami nikawa naitika."

Chini ya blanketi, mkono wa wifi ukautafuta wake, ukaushika.

Asubuhi majani ya uani yalikuwa meupe kwa barafu. Ndani, chupa zilikuwa bado vuguvugu.

"Nenda ukachemshe chai," mshonaji akasema.

"Wewe ndiye uliye karibu na mlango."

Wakacheka. Hakuna aliyeinuka.