Bwawa Lisilosogea

Fundi fremu aliipima picha mara mbili, kama kawaida yake, na vipimo vikakataa kulingana. Jumatatu rangi ya chungwa ilikuwa vidole viwili kutoka kwenye doa jeupe lililo pembeni. Jumatano kilibaki kidole kimoja.

Picha ilipigwa kutoka angani, juu ya mabwawa ya majitaka ya kiwanda. Ilipendeza, lazima aseme kweli: chungwa, kijani, michirizi myeusi, utadhani kitenge kipya. Mkurugenzi wa kiwanda aliitaka kwa ukumbi wake wa wageni. Doa jeupe lilikuwa bati la nyumba ya mama yake fundi, na nukta kando yake ni kisima.

Kwanza alimshuku mpigapicha kwamba huingia kuichokonoa. Akabadilisha kufuli. Alhamisi sakafu ililowa chini ya picha, akaweka beseni, akaendelea na kazi. Kisha akampigia mama simu.

"Maji ya kisima yakoje?"

"Yapo tu, mwanangu. Siku hizi chai inatoka na rangi kabla sijatia majani."

"Usiyanywe!"

"Ninywe nini, umande? Watu wa kiwanda walileta barua, wanasema bwawa halisogei."

Ijumaa mkurugenzi alikuja mwenyewe. Aliliona beseni, akasogeza viatu vyake visilowe. Hakuuliza maji yametoka wapi, na hapo fundi akaanza kumshuku yeye. Asiyejua huuliza.

"Kazi safi," alisema. "Ila hilo doa linaharibu picha. Lifunike kwa kadibodi ya ukingoni mwa fremu."

"Ni kwa mama yangu."

"Kutoka juu ni doa tu, dada."

Fundi alitaka kumfukuza. Lakini kwa miaka ishirini kadibodi yake imezuia vumbi na unyevu visifike kwenye picha za watu, na moyo ukamdanganya kwamba itazuia na hili. Akakata ukanda mweupe, mpana kuliko alioagizwa. Ukingo wake ukasimama baina ya chungwa na nyumba.

Jioni mama alipiga.

"Wametujengea ukuta mweupe upande wa bwawa. Umenyooka kama rula, na sijaona mwashi hata mmoja."

"Na maji, mama?"

Kijiko kiligonga kikombe, taratibu.

"Yanapita chini yake. Njoo unywe chai, mwanangu, ya leo imekolea kweli."