Vifuniko vya Dada

Kitu cha kwanza alichokiona Kimya alipoanza kazi maabarani kilikuwa vifuniko viwili juu ya meza, kimoja kimeandikwa DAWA, kingine MAJI, vimelala bega kwa bega huku chupa zao zikiwa wazi. Dada yake, aliyekuwa akisomea uzamivu wa baiolojia ya saratani, alimimina dawa kwenye chupa moja ya seli, maji ya chumvi kwenye nyingine, kisha akaokota kifuniko kilichokuwa karibu na mkono. Kimya akaendelea kupiga deki. Yeye alikuwa mfagizi wa maabara, na jina la Kimya alibandikwa na wenzake kwa sababu siku nzima iliweza kupita asiseme zaidi ya "samahani, inua mguu."

Matokeo yakawa vituko. Wiki moja dawa iliua seli zote za saratani. Wiki iliyofuata seli zilinenepa kwa dawa ileile, zikafa kwa maji. Profesa aliyemsimamia dada alikuna kidevu mwaka mzima, halafu akakata shauri: seli zimeshamjua dada.

"Zinakutambua kwa koti," alisema. "Zikikuona zinafanya kusudi."

"Seli hazina macho, Profesa."

"Ndivyo zinavyotaka ufikiri."

Tangu hapo watu walinong'ona mbele ya kabati la joto zilimokaa chupa. Dada aliingia kinyumenyume. Msaidizi wa maabara alipiga chafya akaandikiwa onyo. Kisha ikaja barua: jaribio la Ijumaa, mbele ya mtahini kutoka nje, ndilo la mwisho. Likienda kombo, dada afungashe virago, na miaka yake minne ndiyo basi tena.

Jioni hiyo dada hakugusa chakula. "Mama alipougua sikujua hata nimuulize nini daktari," alisema. "Nilitaka tu nijue, mdogo wangu."

Kimya alimsogezea kikombe cha chai. Mtu wa ufagio amwelekeze mtu wa hadubini?

Ijumaa Profesa alikuja na mpango. Dada avae aproni ya Kimya na kushika ndoo. Kimya avae koti jeupe, asimame tu, ili seli zichanganyikiwe. Wakabadilishana nguo chooni.

"Linakupendeza," dada alisema.

"Linabana kwapani."

Mtahini, mama wa makamo mwenye miwani mizito, alimpa Kimya mkono. Dada akaambiwa, "Binti, futa hapo, pameloa," naye akafuta. Kisha akanawa, akavaa glavu, akafungua chupa mbili na kuanza kumimina.

Mtahini akamgeukia Kimya. "Mbona mfagizi wako ndiye anayefanya jaribio?"

"Ana mkono mwepesi," Profesa akanong'ona. "Tafadhali, taratibu. Zinasikia."

Mkono wa dada ukaenda mezani, ukaokota kifuniko cha MAJI, ukakipeleka kwenye chupa ya dawa.

"Si hicho," alisema Kimya.

Dada aliganda. Seli, kwa kadiri ilivyojulikana, hazikufanya lolote.

"Dada, unaandika kwenye vifuniko. Vifuniko vinahama. Andika kwenye chupa."

Profesa alitazama kifuniko, akatazama chupa. Mkono wake ulipanda hadi kidevuni, ukashuka bila kukuna. Mtahini ndiye aliyechukua kalamu, akaandika mwenyewe ubavuni mwa kila chupa.

"Mtarudia majaribio yote hivi," alisema. "Simfukuzi mtu chuo kwa ajili ya vifuniko." Akafungua daftari, akamtazama Kimya. "Umeligundua kosa hili kwa mbinu gani?"

"Kwa kupiga deki."

"Lini?"

"Mwaka juzi."

Dada aliketi juu ya ndoo. "Mwaka juzi? Na tunalala chumba kimoja?"

"Na elimu yako?" mtahini akauliza, kalamu ikisubiri.

Kila alipoulizwa hilo, Kimya aliinama kukamua tambara. Leo tambara lilikuwa kwa dada.

"Nimeishia darasa la tano," alisema. "Mama alipolala kitandani ilibidi mmoja wetu abaki naye. Nilibaki mimi. Sijamlaumu mtu." Akavuta koti lisimbane. "Ila shule nilikuwa naipenda."