Mlango wa Triza

Jioni ya mtihani, wanafunzi wa darasa la kompyuta walikaa katika ukumbi wa Kaloleni. Maswali yalikuwa ndani ya seva ya darasa. Triza peke yake hakuwapo. Alikuwa nyumbani Kayole na mtoto mchanga, na Mwalimu Mumin alikuwa amemruhusu afanye mtihani akiwa huko. Akikosa, angesubiri mwaka mzima.

Kazi ya kumfungulia njia ya kuingia kwenye seva ilipewa Kageha, kwa kuwa zamu ya kutunza seva ilikuwa yake. Kageha, ambaye wengi walimwita Mama Job, alikuwa mama wa watu wazima, na alirudi darasani baada ya kiwanda cha blanketi kumwachisha kazi. Mchana aliingia kwenye seva, akaandika amri, na njia ya Triza ikafunguka. Kwao Maragoli, mgeni akibisha hodi unamfungulia.

Mtihani ulipoanza, Kageha aliinamisha kichwa.

“Mathe, unaiombea kompyuta?” Shiundu akamnong'oneza kutoka kiti cha nyuma. “Si uipake mafuta pia.”

“Naomba kwa ajili yako, Shiundu. Kompyuta haina dhambi.”

Muda si mrefu simu ya Kageha ikatetemeka. Mwalimu alikuwa amemruhusu kuiweka mezani kwa sababu ya Triza.

“Mama Job, nimetolewa,” Triza akasema.

Kageha aliacha swali lake, akaingia kwenye seva, akaandika amri ileile. Kisha akaomba kimya kimya.

“Niko ndani!” Triza akasema.

Kageha akashukuru, akarudi kwenye swali lake. Hakufika mbali. Simu ikatetemeka tena.

“Mama Job, kila ukinikaribisha kuna mtu ananifukuza. Ni nani huyo?”

Akafungua mara ya tatu. Triza akaingia, akajibu swali moja, akatolewa. Kwenye simu mtoto alikuwa analia.

Kageha alikunja mikono mapajani. Safari hii hakuomba njia ifunguke. Aliomba aonyeshwe anayeifunga. Ndipo akakumbuka somo la wiki zilizopita.

Darasa lilikuwa na programu ya kupanga seva. Programu hiyo ilisoma faili moja ya maelekezo, na kila baada ya dakika chache ilipita kwenye seva. Kilichoandikwa kwenye faili na hakipo, ilikiweka. Kilichopo na hakikuandikwa, ilikiondoa. Mwalimu alikuwa ameiwasha jioni hiyo, mtihani ulipoanza. Haikujua kwamba Triza ana mtoto, wala kwamba mwalimu mwenyewe amemruhusu. Jina la Triza halikuwamo kwenye faili.

Kageha aliandika jina la Triza kwenye faili. Lakini faili haikupokea badiliko mpaka mtu wa pili alisome na kulikubali. Akainua mkono.

“Mwalimu, nilimfungulia Triza kwa mkono. Programu inamtoa kila ikipita. Sasa nimemwandika. Naomba usome.”

Vichwa vikageuka. Mumin akaja, akainama mbele ya skrini.

“Ulimfungulia mara ngapi?”

“Kila alipobisha.”

“Wallahi, Mama Job, unashindana na mashine?” Akasoma mstari ule polepole, akaukubali.

Programu ikapita. Triza akaingia. Ikapita tena, na simu haikutetemeka. Kageha aliendelea kuiangalia simu mpaka programu ilipopita mara nyingine, ndipo akashika swali lake. Alikuwa amelijibu nusu Mumin alipotangaza kwamba muda umekwisha.

“Nitamwongezea Triza dakika alizopoteza,” Mumin akamwambia. “Wewe siwezi. Kosa la seva ni la mwenye zamu.”

“Ni haki, Mwalimu.”

Wengine wakaondoka. Shiundu alibaki akipanga viti kwa ajili ya kwaya iliyokuwa ikingoja mlangoni. Dakika za nyongeza zilipokwisha, Mumin alimwambia Kageha amwondoe Triza. Kidole cha Kageha kilikuwa kimeanza ile amri ya mkono. Akaifuta. Akafungua faili, akatoa jina, akamwita Shiundu asome.

“Iko sawa, Mathe,” Shiundu akasema, akakubali.

Baadaye kidogo simu ikatetemeka.

“Mama Job! Nimefukuzwa tena!”

“Safari hii ni mimi. Umemaliza?”

“Nimemaliza yote. Na wewe?”

“Mtoto amelala?” Kageha akauliza, akakusanya vitu vyake kuwapisha wanakwaya.