Kofia Zisizo na Fundo

Katika jengo letu lote la ghorofa nne, hakuna anayedanganya vizuri kama mimi. Nasema hivi bila kujisifu, kwa sababu ni kweli, na kweli naisema mara chache, basi ipokeeni kwa heshima. Tangu darasa la sita sijakamatwa. Mwalimu mmoja aliwahi kunipa pole kwa msiba wa shangazi ambaye wakati huo alikuwa dukani akininunulia daftari.

Uongo wangu mkubwa kuliko wote nilimpa bibi yangu, mama yake mama, ninayeishi naye ghorofa ya tatu, maana mama anafanya kazi mbali.

Bibi alifuma sweta za shule karakanani kwa miaka thelathini. Alipostaafu hawakumpa saa wala cheti. Walimpa ruhusa ya kuchukua masalio ya nyuzi kila mwisho wa mwezi: vipande vya kijani, vya kahawia, vya buluu iliyokolea, vingine vifupi kama mkono. Kwa masalio hayo ametuvisha sote. Yeye ana shali yenye rangi za shule kumi na moja. Mimi nina soksi ambazo ya kushoto haijawahi kutambulishwa kwa ya kulia. Lakini uzi laini kuliko wote hatuugusi. Unakaa kwenye ndoo yenye mfuniko, na ni wa kofia.

Kofia zenyewe zinalitosha chungwa. Ni za watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na kila Alhamisi nazipeleka wodini kwao. Wodi hiyo naijua, nililala humo. Tulizaliwa wawili, miezi miwili kabla ya siku zetu, wiki ya baridi kali, mama akiwa hajazinduka. Kofia ilibaki moja. Muuguzi alimkabidhi bibi, bibi akanivika mimi. Dada yangu hakufika asubuhi. Bibi hajawahi kunieleza kwa nini mimi, na mimi, pamoja na mdomo wangu wote huu, sijawahi kuuliza. Alianza kufuma kofia wiki hiyohiyo, na hajaacha.

Mwaka huu akapata kiharusi. Daktari alikiita kidogo, na kwake labda ni kidogo. Mkono wa kulia ulirudi nusu. Bibi akashika tena sindano zake, lakini vitanzi vilikuwa vinamponyoka bila yeye kujua, na kofia zikatoka na matundu. Mama mmoja anayepokea misaada mlangoni mwa wodi akanivuta pembeni. Akasema hizi haziwezekani, zinafumuka, uzi unawazonga watoto vidole. Mwambie bibi yako apumzike, amefanya mengi.

Nilipanda ngazi polepole siku hiyo. Bibi aliniuliza wamesemaje. Nikamwambia wauguzi wamezigombania.

Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Kumbe bado nipo," akasema.

Basi nikaingia kazini. Bibi akilala baada ya chakula cha mchana, nilikuwa nafumua kofia zake na kuzifuma upya kwa uzi uleule. Kufuma nilijifunza kwa kumtazama tangu sijaanza shule, na mikono yangu ni myepesi. Sura ya kofia nilikuwa naipata sawasawa.

Ila bibi ana sheria moja. Ukiunganisha uzi, hufungi fundo. Unalaza uzi mpya juu ya ule wa zamani, unafuma zote mbili pamoja vitanzi saba, kisha mkia unauficha kwa sindano ya kushonea. Kichwa cha mtoto kama huyo bado ni laini, anasema, hata fundo la punje ya mtama kwake ni jiwe. Wimbo huo nimeusikia mpaka nikaacha kuusikia. Na kofia moja ya masalio ina maungio kumi na tano. Mimi nilifunga mafundo. Niliyakaza vizuri, nikayageuzia ndani. Ndani nani anaona?

Ilikwenda hivyo wiki tano, na kila Alhamisi nilirudi na sifa mpya. Nilifika mahali nikamtunga mtoto anayekataa maziwa akivuliwa kofia. Bibi alimpenda sana mtoto yule. Alikuwa ananiuliza habari zake kila siku.

Ijumaa ya wiki ya sita muuguzi kijana, ambaye sikumfahamu, alipanda mpaka kwetu akihema. Alimwamkia bibi, akakaa ukingoni mwa kiti, akatoa kofia ya buluu kwenye mfuko. Alieleza taratibu, kama mtu anayefungua bandeji. Mtoto mmoja ameamka na alama tatu kwenye paji la uso. Hakuna kidonda, lakini mama yake amelia sana, na kofia zote zimewekwa kando.

Bibi aliipokea, akaigeuza ndani nje kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole gumba. Kidole kikasimama. Kikasogea, kikasimama tena.

"Mume wangu," akaniita, jina lake la utani kwangu la siku zote, ila safari hii bila utani. "Fundo hili ni la nani?"

Majibu nilikuwa nayo. Nilisema vikundi vingine navyo vinapeleka kofia, pale mlangoni zinachanganywa, wale kina mama hawakufundishwa kama alivyofundishwa yeye. Niliwaonea hata huruma kidogo. Ulikuwa uongo safi.

Muuguzi alikuwa ananitazama, kichwa ameinamisha upande.

"Samahani, kaka," akasema, bila ubaya wowote. "Si wewe uliyekuwa kwenye benchi letu jana, unaimalizia hii? Nilidhani ni baba wa mtoto. Nikawaambia wenzangu, mwoneni yule anavyompenda mwanawe."

Bibi aliuangalia mkono wake wa kulia uliolala mapajani, kama mtu aliyewekewa kitu cha jirani.

"Na zangu?" akauliza. "Zangu amevaa nani?"

Nilifungua mdomo. Bibi hakuungoja. Alikuwa ameuona uzi unaoning'inia mfukoni mwangu, akaushika ncha, akauvuta. Ukaja, mrefu, wa kijani, bado umejikunja kwa umbo la vitanzi alivyofuma Jumatatu.