Shira ya Binamu

Ukitaka kuingia, ulimpa dobi shati lisilo na kifungo hata kimoja, naye akiipenda sura yako alisogeza rundo la mashuka, ukauona mlango. Nyuma ya mlango kulikuwa na viti vya ngozi, taa hafifu na kaunta ndefu ya mbao. Hapo kaunta alisimama mtu waliyemwita Ulimi. Mji mzima ulijaa baa za kujificha, lakini wachanganyaji wa vinywaji kama yeye walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na yeye mwenyewe ndiye alikuwa akihesabu.

Sheria ya nyumba ilikuwa moja: glasi haitoki kaunta kabla mchanganyaji hajachovya mrija, akaziba tundu la juu kwa kidole, na kudondosha tone ulimini. Ulimi alilionja tone lile amefumba macho, na wageni waliacha mazungumzo kumtazama. Wiki tatu nyuma homa ilimlaza siku tisa. Ilipoondoka, haikuondoka mikono mitupu. Ndimu, asali, tangawizi, hata chumvi, vyote mdomoni mwake vikawa maji.

Alimwambia mtu mmoja tu: binamu yake wa kike, msaidizi wake pale kaunta. Alimfundisha kazi yeye mwenyewe, kwa kijiko kirefu cha kukorogea. Binamu akikosea kipimo, kijiko kilitua kwenye vifundo vya vidole vyake. Miaka minne hakumruhusu kumpa mgeni glasi kwa mkono wake. "Huyu ni wa barafu," aliwaambia wageni. "Barafu haina ladha, kwa hiyo hawezi kuiharibu." Wageni walicheka, na binamu alicheka nao.

Sasa binamu ndiye aliyeonja kwanza, kwa siri, kisha akagonga ndoo ya barafu kwa koleo. Mara moja, kinywaji kiko sawa. Mbili, ongeza ndimu. Tatu, ongeza shira. Ulimi hakuwahi kumshukuru. Mtu hamshukuru mkongojo.

Alasiri moja, kabla baa haijafunguliwa, tajiri wao alikuja na wageni watatu.

"Leo nachagua mkuu wa kaunta," alisema akivuta kiti. "Hawa wataonja, mimi nitatazama."

"Unachagua kati ya nani na nani, tajiri?" Ulimi aliuliza. "Mimi namwona mmoja tu hapa."

"Mwache achague, kaka," binamu alisema. "Macho hayana pazia."

Ulimi alimimina jini, akakamua ndimu, akatia shira iliyopikwa asubuhi, akatikisa kopo mpaka likaota ukungu. Binamu alichovya mrija wake akiwa ameinama kana kwamba anafuta kaunta. Koleo likagonga mara moja. Ulimi akachovya wake, akafumba macho, akatabasamu.

"Hii ningempa mama yangu mzazi," alisema.

Mgeni wa kwanza, mama wa makamo mwenye miwani, alipiga funda moja na kulitemea kwenye leso.

"Chumvi," alisema. "Mwanangu, mama yako alikukosea nini?"

Tajiri alionja, naye akatema. "Ulimi, umeionja hii?"

"Nimeionja."

"Onja tena."

Ulimi alichovya mrija huku akitupa jicho kwenye ndoo ya barafu. Koleo lilishuka polepole, likagonga mara moja. Alijua kuna kitu kimeharibika, lakini kukiri ni kuvua koti na kutoka, na kiburi chake hakikuwa kimewahi kutembea bila koti.

"Iko sawa kabisa, tajiri. Mama hajazoea vinywaji vya watu wazima."

Tajiri akamgeukia binamu. "Shira amepika nani?"

"Mimi. Nimetia vikombe viwili vya chumvi. Ningekuambia kwa mdomo usingeniamini. Kaka haonji kitu tangu augue."

"Mwongo," Ulimi alisema. "Nimemtoa jalalani huyu, leo ananitia kidole jichoni."

Tajiri hakukasirika. Alikuwa na macho ya mtu aliyeokota kitu barabarani, na mwenyewe hayupo.

"Basi ni rahisi," alisema. "Dada, mchanganyie kitu. Ulimi akitaja kilichomo, kaunta ni yake."

Binamu aliwapa mgongo kwa muda. Alipogeuka alileta glasi ya rangi ya kahawia, povu jeupe juu, na jani la mnanaa limelala juu ya povu. Koleo alikuwa ameliweka mbali.

Ulimi hakuchukua tone. Alipiga funda zima, akafumba macho.

"Ute wa yai," alisema. "Ramu iliyokaa kwenye pipa. Tangawizi, asali kwa mbali. Ndimu umezidisha, kama kawaida yako."

"Maji ya kuoshea glasi," binamu alimwambia tajiri. "Na sabuni."

Mama wa miwani alicheka mpaka akaivua miwani. "Muulize kama ataongeza," mwingine alisema, akijishika mbavu. Tajiri alianza kucheka wa mwisho na akachelewa kumaliza.

"Kaunta ni yako, dada," alisema akijifuta macho. "Na wewe Ulimi, usiende popote. Kesho naleta watu kumi na wawili. Kila mmoja atakuja na chake cha kukuonjesha."

Povu lilikuwa limemganda Ulimi juu ya mdomo. Aliwatazama wote, mmoja mmoja, akanyoosha kola ya koti lake.

"Nifike saa ngapi, tajiri?" aliuliza.