Tofauti ya Mabao Matatu

Malisho ya mzee Koikai, pale Lemara, yalikuwa na urefu wa hatua mia tatu na ishirini na upana wa hatua mia moja na tisini. Anaeli alijua kwa sababu aliyapima mwenyewe, mwezi wa Machi 1912, siku moja kabla ya kwenda bomani kuyaandikisha kuwa kiwanja cha mpira.

Wazo lilikuwa lake. Masetla walikuwa wakipewa mashamba kando ya mto Themi, moja baada ya jingine, na malisho yale, ambayo ndiyo pekee ya ukoo wa Koikai yaliyofika majini wakati wa kiangazi, yalihesabiwa kuwa ardhi tupu kwa kuwa hayakulimwa. Anaeli alikuwa Mmeru, mwalimu wa shule ya misheni mlimani, na mume wa Namnyaki, binti wa Koikai. Alimweleza mkwewe kwamba ardhi iliyoandikwa katika daftari la serikali haiwezi kuitwa tupu. Mpira ungechezwa Jumamosi. Siku sita zilizobaki ng'ombe wangekula majani kama kawaida. Koikai aliuliza kama kuna njia nyingine. Anaeli akajibu kwamba hakuna. Mzee akapaka wino kidole gumba na kukibandika kwenye karatasi.

Kiwanja bila mechi kingezua maswali, kwa hiyo Anaeli akaanzisha ligi. Timu zilikuwa nne: ya misheni, ya watumishi wa bomani, ya vibarua wa mashamba ya Usa, na ya Waarusha wa Lemara wenyewe. Mwaka wa kwanza zilichezwa mechi kumi na mbili, yakafungwa mabao arobaini na moja. Yote aliyaandika.

Agosti 1913 alikuja afisa aliyegawa ardhi, ambaye watu walimwita Bwana Kamba kwa sababu hakutembea bila kamba yake ya kupimia. Alikuwa na ombi la setla mmoja mezani. Alisema amekaa Moshi na ameona ligi ya huko: miaka sita, timu sita, mipira ya ngozi inayoletwa kwa gari-moshi kutoka Tanga. Hiyo ni ligi. Hii ya Lemara hakujua ni kitu gani. Hakupiga kelele wala hakutisha. Aliweka kipimo. Wateule wa Moshi wangeitwa wacheze na wateule wa Arusha. Ligi changa kufungwa na kongwe si ajabu, alisema, lakini tofauti ikizidi mabao matatu, basi hapa hapana ligi, pana kisingizio tu, na ardhi atapewa mwombaji.

Anaeli hakuweza kumwona kuwa mjinga. Kilikuwa kisingizio kweli.

Akarudi kwenye daftari lake kutafuta mahali pa kuziba. Kati ya mabao arobaini na moja, ishirini na sita yalifungwa kwa namna moja: mpira ulianguka kati ya kipa na mabeki, na hakuna aliyesema neno. Sababu haikuwa uzembe. Mabeki walikuwa watu wazima wa rika la juu, na makipa walikuwa vijana. Kijana wa Kiarusha hamwamrishi mtu wa rika la juu, wala hamwiti jina lake tupu. Husubiri aambiwe.

Kubadilisha watu hakukusaidia. Lekishon, mwenye miaka kumi na tisa, ndiye pekee katika ligi nzima aliyedaka mpira wa juu bila kuuangusha. Lesikar, mwenye thelathini na mmoja, ndiye beki pekee ambaye hakuna mshambuliaji aliyempita mara mbili katika mechi moja. Karibu naye walicheza watatu wa rika lake. Ukiwatoa hao, hakuna timu.

Wiki mbili kabla ya mechi Anaeli alikwenda kwa Koikai. Koikai alikuwa mmoja wa wazee wanaolisimamia rika la Lesikar, na neno lake kwao lilikuwa la mwisho. Anaeli alimwamkia, akaketi, akaomba kwamba kwa siku moja tu kipa aruhusiwe kuwaamrisha wakubwa. Mzee akasema heshima haiachwi nje ya uwanja kama fimbo, lakini kijana anaweza kusema, mradi aanze na "mkubwa wangu". Lesikar akakubali. Katika mazoezi Lekishon alisema "mkubwa wangu, niachie" mara nyingi, na mara nyingi alichelewa kidogo tu.

Moshi walifika Ijumaa baada ya siku tatu za njia, na mkokoteni wa ng'ombe ukiwa umebeba vyakula. Nahodha wao, Elirehema, fundi wa reli, alipoona mavi ya ng'ombe katikati ya kiwanja aliuliza kama na huyo ng'ombe ni mchezaji. Lesikar akamjibu kwamba huyo ndiye mwamuzi, na kesho amwamkie kwanza. Walicheka pamoja. Anaeli hakucheka.

Mechi ilianza saa tisa. Bwana Kamba alisimama kando na saa yake mkononi. Kilichoonekana katika dakika kumi za kwanza ni kwamba Moshi hawakuwa na nguvu zaidi wala mbio zaidi. Walizungumza. Kila mpira ulitanguliwa na neno: wako, nyuma, geuka, acha. Vijana walimfokea Elirehema, naye aliwazidi umri kwa miaka kumi, akatii bila hata kugeuza shingo. Miaka sita ilikuwa imewafundisha hilo. Bao la kwanza liliingia dakika ya kumi na tisa, la pili dakika ya arobaini. Yote mawili yalianguka katikati ya "mkubwa" na "wangu".

La tatu liliingia dakika ya sitini na sita. Namnyaki, aliyekuwa na wanawake wenzake upande wa mto, alimtazama mumewe, naye akatazama majani.

Dakika ya sabini na nane mpira mrefu ulishuka mbele ya goli la Arusha. Lesikar alirudi nyuma akiufuata kwa macho, Elirehema akija kwa kasi mgongoni pake. Lekishon alikwisha kutoka golini.

"Lesikar, toka!"

Lesikar akatoka. Lekishon akaudaka mpira juu ya kichwa cha Elirehema, akaanguka nao kifuani. Ulikuwa udakaji bora kuliko wote ambao Anaeli aliwahi kuuandika.

Kisha mwanamke mmoja akasema, si kwa sauti kubwa, kwamba hivyo ndivyo mbwa anavyofukuzwa jikoni. Lesikar alisikia. Akavuka mstari wa chokaa, akaokota shuka lake. Wa pili wa rika lake akamfuata, kisha wa tatu na wa nne, kwa kuwa aibu ya mmoja ni ya rika zima.

Lekishon aliuacha mpira akakimbia, akainamisha kichwa mbele ya Lesikar ili awekewe mkono, kama kijana anavyofanya kwa mkubwa. Lesikar hakuinua mkono. Anaeli aliomba mchezo usimamishwe. Bwana Kamba akasema saa haisimami.

Anaeli akamwendea Koikai.

"Baba, warudishe. Zimebaki dakika kumi na moja."

"Ametukanwa mbele ya wanawake na wageni," Koikai alisema. "Nikimwamuru arudi, nitakuwa nimemtukana mara ya pili."

"Ni malisho yako, baba."

"Najua ni ya nani."

Walikuwa watu saba dhidi ya kumi na mmoja. Walizuia kwa dakika tisa. Lekishon alipiga kelele mfululizo sasa, akiwaita wenzake wa umri wake kwa majina, kushoto, kulia, rudi, na mara nne alitoa mpira kwa vidole. Elirehema, aliyekuwa hajui kilichopimwa, alipata mpira hatua nane kutoka golini na akafanya alichofundishwa kufanya.

Nne kwa bila. Bwana Kamba akafunga kifuniko cha saa kabla ya filimbi ya mwisho.

Baadaye wageni walipewa maziwa, na Elirehema alikuja kukaa karibu na Anaeli. Alisema wamecheza vizuri. Anaeli akamwambia asimdanganye.

"Nikudanganye kwa nini, mwalimu? Mwaka wetu wa kwanza Tanga walitufunga tisa. Tisa, na kipa wetu akalia."

Anaeli aliuliza serikali ilisema nini.

"Serikali?" Elirehema alimtazama kama mtu anayetafuta mzaha ulipo. "Nani angeiuliza?"

Jumapili Lekishon alileta kondoo dume na kibuyu cha pombe ya asali, akasamehewa. Lesikar alimwekea mkono kichwani na kumwambia kwamba ule mpira aliudaka vizuri. Jambo lao likaisha hapo.

Jumatatu vibarua walipigilia vigingi kuanzia kwenye nguzo ya goli hadi ukingo wa Themi. Ng'ombe walisimama upande wa pili, wakiyatazama maji. Koikai alimtaka Anaeli amsomee ile karatasi ya mwaka jana, kwa kuwa hakuwahi kusomewa yote. Anaeli akasoma. Ilisema kwamba ardhi hii ni kiwanja cha serikali, na kwamba hakuna mtu mwingine mwenye dai juu yake.

"Nani aliandika maneno hayo?"

"Mimi, baba."

Koikai alinyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaigeuza upande huu na ule mpaka akakiona kidole chake.