Kola Kabla ya Pasi

Kwa miaka kumi na mmoja Mama Mvuke aliomba radhi kwa makosa ya watu wengine. Ndiyo ilikuwa desturi ya lile duka la dobi: nguo ikirudishwa na kasoro, mwenye kosa ni aliyeishika mwisho, na anayeishika mwisho siku zote ni mpiga pasi. Aliyeipokea kaunta bila hata kuikunjua hana kosa. Aliyemwaga dawa ya madoa kama anamwagilia bustani hana kosa. Kila bosi alipogonga kengele mara mbili, Mama Mvuke aliacha meza yake pale dirishani, akafuta jasho, akaja kuinamisha kichwa. "Samahani sana, mheshimiwa. Ni mimi." Ulimi wake ulikuwa umezoea mpaka ulilisema hilo bila yeye.

Siku aliyolazimishwa kuomba radhi kwa ajili ya kifungo kilichokatika kabla nguo haijafika dukani, uvumilivu ulimwisha. Hakulia wala hakufoka. Jumamosi alivaa viatu vyake vya kutokea, akamchukua binti yake, wakaenda kutafuta kamera.

"Mama, si una simu?" binti akauliza njiani.

"Simu zetu zinashinda kwenye droo ya bosi tangu tunaingia mpaka tunatoka. Nipige picha kwa kidole?"

Muuzaji wa vifaa vilivyotumika alikuwa na maneno mengi kuliko bidhaa. Alianza kwa kushusha kamera kubwa, yenye lenzi ndefu kama chupa ya chai. "Hii, mama yangu, unapiga mwezi mpaka unaona mashimo yake!"

"Mwezi haujawahi kuletwa dukani kwetu. Nataka ya kupiga kola."

Akamletea ndogo, ya fedha, iliyochubuka pembeni. Mama Mvuke aliitumbukiza kwenye mfuko wa gauni, ikaingia yote. Akapapasa vitufe kwa macho yaliyofumbwa, kwa sababu vidole vyake hushinda vimelowa na vioo vya kugusagusa havimsikii. Muuzaji akamwonyesha alama ya ua, ya vitu vya karibu. Hakumwamini kwa maneno. Aliisogeza kamera shingoni pake, akabofya, akatazama kioo.

"Hapa yalikudondokea mafuta," akamwambia. "Na hili shati unalivaa siku ya pili leo."

Muuzaji akaishika kola yake. Binti akageukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mama Mvuke akaichukua hiyo hiyo ndogo, na hakutoka mle mpaka amewekewa tarehe na saa zisomeke pembeni mwa picha.

Wiki nzima nyumbani hakuna kilichosalimika. Alipiga vikombe vilivyopinduliwa, sabuni iliyokonda, mumewe amelala mdomo wazi. Aligundua kwamba flashi inafanya kila cheupe kuwa unga mtupu, akaizima, akajifunza kusogea dirishani na kubana viwiko mbavuni ili mkono usitikisike. Ilimpendeza, tena sana. Kumbe ana jicho! Na hakuna aliyewahi kumwambia.

Lakini kazini aliboronga, na aliboronga kwa namna ambayo mpiga pasi pekee angeweza. Kila nguo aliipiga picha baada ya kuinyoosha. Ile iliyokunjamana alishindwa. Aliona kama kumpiga mtu picha ametoka usingizini, hajanawa. Kwa hiyo ilipogongwa kengele kwa ajili ya blauzi yenye doa la wino, akaja mbio na kamera yake, na picha ikaonyesha blauzi imenyooka kama karatasi, na doa lake waziwazi.

"Kwa hiyo uliliona ukaliacha!" Bosi alicheka mpaka akashika kaunta. Halafu akaacha kucheka. "Sikiliza. Nguo moja tu ikirudi tena, wewe na hako kadude kako mnakwenda nyumbani, na msirudi."

Jioni binti alizipitia picha zote, moja moja. "Mama, umepiga sifa zako. Hujapiga ushahidi."

Neno lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Kesho yake akameza fahari yake. Kila nguo iliyofika mezani, kabla pasi haijainusa, aliitandaza jinsi ilivyo na makunyanzi yake yote, akaweka kikaratasi cha namba ya nguo kando ya kola, akabonyeza alama ya ua. Kola, mikono, mgongo, kisha pasi. Wenzake walimwita mpiga picha wa harusi. Aliwaacha waseme.

Siku ya tisa kengele ikalia mara mbili.

Pale kaunta alisimama mwalimu mmoja mstaafu, mteja wa siku nyingi, ameshika koti la kijivu. Mgongoni, chini kabisa, palikuwa na alama ya pasi, ya kahawia. Nyuma ya mwalimu, foleni ya watu wanne.

"Muombe radhi mzee," bosi akasema, "kisha ukavue aproni."

Magoti yalitaka kupinda yenyewe kwa mazoea. Akayakataa.

"Siombi."

"Unasemaje?"

"Nimesema siombi. Kwanza tazameni."

Akatoa kamera mfukoni, akatafuta namba, akaikuza picha, akamsogezea mwalimu. Koti limekunjamana kama lililotafunwa. Namba kando ya kola. Tarehe, saa. Picha iliyofuata ilikuwa ya mgongo, na alama ya kahawia ilikuwa pale pale, katikati ya makunyanzi.

Mwalimu alivua miwani, akavaa tena. Akakohoa. "Asubuhi ya kulileta nililigusisha pasi kidogo mwenyewe nyumbani," akasema taratibu. "Nikaona inanishinda, nikalikunja, nikalileta. Sikujua nimeliunguza. Samahani sana, mama."

Neno hilo Mama Mvuke alilijua kulitoa. Kulipokea hakuwahi kufundishwa. Machozi yalimlenga, akayakasirikia.

"Haya, yamekwisha," bosi akadakia. "Rudi kazini. Na hiyo kamera sitaki kuiona tena humu."

"Basi andika," Mama Mvuke akasema, kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni. "Andika kwenye ubao kwamba hapa ni marufuku kuonyesha nguo ilifikaje. Uuweke dirishani, wateja wasome. Ukishauweka, mimi naondoka mwenyewe."

Foleni ikamgeukia bosi. Bosi akaitazama kalamu, akautazama ubao, akatafuta kitu cha kupanga pale kaunta, hakukipata.

Mama Mvuke hakungoja apate. Alirudi mezani kwake, aproni kiunoni. Blauzi nyeupe ilikuwa inamsubiri, imekunjamana vibaya. Akaitandaza penye mwanga, akabana viwiko mbavuni.

Nyuma yake kengele ikalia mara mbili.

"Ngoja," akasema bila kugeuka, akabofya. "Napiga picha."